Kila ndege huruka kwa ubawa wake



Siku hizi hapa Bukene watu wakikaa kivulini baada ya Misa, habari za mvua na bei ya mpunga hazidumu. Mara mazungumzo yanahamia kwenye afya. Mmoja ameacha ugali tangu Kwaresima na anasema amekuwa mwepesi kama kijana. Mwingine anakula mlo mmoja kwa siku. Wa tatu anakunywa maji ya majani aliyoletewa na shemeji yake. Wa nne ameona katika simu mzee wa miaka tisini anayekimbia mbio ndefu, na sasa anajiuliza yeye wa miaka hamsini amekosea wapi.

Ni jambo jema watu kuzungumza afya. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini katika kila kundi la namna hiyo kuna mtu mmoja anayenyamaza, na leo ninataka kuzungumza na huyo. Labda ni wewe. Umepimwa presha ukaambiwa utameza kidonge kila siku, na unaona aibu kwa kuwa rafiki yako wa rika moja hamezi chochote. Au umefanya yote aliyofanya jirani yako na mwili wako haukubadilika hata kidogo. Au wewe ni mzima kama mti wa mninga, na polepole umeanza kuwaona wanaougua kuwa ni wazembe.

Neno langu kwenu wote ni moja. Mungu alimpa kila mmoja wetu mwili mmoja autunze. Siku ya hesabu ataulizwa juu ya huo, hataulizwa juu ya mwili wa jirani.

Namna tatu za kujilinganisha

Kuna kujilinganisha kwa kuiga. Fulani ametumia kitu fulani akapona, basi na mimi nitatumia hicho hicho, kwa kipimo kile kile, bila kumwuliza mganga wala daktari.

Kuna kujilinganisha kwa kujigamba. "Mimi nina miaka sitini, sijawahi kulala hospitali." Ndugu yangu, mshukuru Mungu, lakini usiligeuze shukrani hilo kuwa fimbo ya kumchapia mwenzako. Na tena presha haina kelele. Mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi bila kuumwa kichwa hata siku moja. Wengi wanaosema hawaumwi, ukweli ni kwamba hawajapimwa.

Na kuna kujilinganisha kwa kukata tamaa. Huku ndiko kunakoniumiza zaidi ninapowatembelea wagonjwa. "Padre, fulani amekunywa pombe maisha yake yote na bado anatembea. Mimi sijawahi kuonja, ndiyo kwanza nimeambiwa nina saratani. Mungu ana nini na mimi?" Nitalirudia swali hilo baadaye, maana halistahili kujibiwa kwa haraka.

Miili haifanani hata chini ya chandarua kimoja

Tuanze na jambo tunalolijua sote katika mkoa huu, malaria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Tabora ndiyo iliyoongoza nchini: watoto 23 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano waliopimwa walikutwa na malaria, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa 8 katika 100. Hakuna familia hapa isiyoijua homa hiyo.

Sasa nenda zahanati yoyote utazame jinsi dawa ya mseto inavyotolewa. Kwanza mtoto anapandishwa kwenye mizani. Wa kilo 5 mpaka chini ya 15 anapewa kidonge kimoja kila anapokunywa dawa. Wa kilo 15 mpaka chini ya 25 anapewa viwili. Wa kilo 25 mpaka chini ya 35 vitatu. Kuanzia kilo 35, vinne. Ugonjwa ni mmoja, dawa ni moja, lakini kipimo kinamfuata mgonjwa. Mama anayemgawia mtoto mdogo vidonge vilivyobaki vya kaka yake hana nia mbaya, ila ameusahau mzani.

Ndani ya damu tofauti ni kubwa zaidi. Mwaka 1954 daktari mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alichapisha ushahidi wa jambo lililowashangaza wengi. Aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haugui selimundu, na akiwa mtoto ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Lakini aliyerithi kutoka kwa baba na kwa mama, huyo ndiye mgonjwa wa selimundu, na malaria kwake ni hatari kubwa sana. Wazazi wawili waliobeba kinasaba hicho wanaweza kuzaa watoto wa aina zote: aliyekingwa, asiyekingwa na mgonjwa. Wote wamekula chungu kimoja na kulala chini ya chandarua kimoja.

Basi bibi anaposema, "Mbona mwenzako haumwi hovyo kama wewe?" anamwonea mtoto. Mtoto hakuchagua damu yake. Na kama ndugu wa tumbo moja wanatofautiana kiasi hicho, je, wewe na jirani yako mnaokutana kanisani Dominika kwa Dominika?

Kikombe kimoja kwa wote

Utakumbuka mwaka 2011. Watanzania kwa maelfu, na majirani zetu wa Kenya na mbali zaidi, walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu tuliyemwita Babu. Kikombe kilikuwa kimoja, bei yake shilingi 500, na kilitolewa kwa mwenye kisukari, mwenye presha, mwenye pumu, mwenye saratani na mwenye virusi vya ukimwi. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi. Wapo waliofia njiani wakisubiri zamu. Wapo walioacha dawa za hospitali wakiamini wamepona, na baadaye wakarudi hali imekuwa mbaya.

Babu alikwisha fariki mwaka 2021, na mimi si hakimu wake. Ninachotaka tukione ni kilichotupeleka kule. Wengi hatukwenda kwa sababu tulijua kilichomo ndani ya kikombe. Tulikwenda kwa sababu fulani alikwenda na akarudi akisema amepona. Ushuhuda wa jirani ulikuwa na nguvu kuliko cheti cha kliniki.

Kiu ile haijaisha, imebadili chombo tu. Leo inapita kwenye simu. Nami sisemi kwamba mafundisho ya afya ni mabaya. Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, amewafanya Watanzania wengi watazame upya sahani zao, na ni jambo la kushukuru. Lakini ushauri unaotolewa kwa taifa zima ni kama mahubiri ya Dominika. Wote wanasikia neno moja, kisha kila mmoja anapaswa kwenda nalo nyumbani na kujiuliza: kwangu mimi lina maana gani? Mgonjwa wa kisukari anayejichoma insulini, akiamua kushinda njaa kwa sababu tu jirani anashinda njaa, sukari yake inaweza kushuka ghafla akazimia. Jirani atakuwa amepungua kilo mbili. Yeye atakuwa amelazwa.

Katika parokia niliyowahi kuhudumu niliitwa usiku kumpaka mafuta matakatifu mama mmoja mwanakwaya. Alikuwa na presha, na alikuwa akimeza vidonge vyake vizuri. Rafiki yake wa sauti ya pili naye alikuwa na presha, akaacha vidonge, akawa anakunywa maji ya kitunguu saumu, na kila mazoezi alikuja akiimba kama kawaida. Basi huyu naye akaacha. Mwezi wa kwanza alijisikia vizuri. Wa pili vizuri. Wa nne alianguka shambani kwenye majaruba ya mpunga akapata kiharusi.

Mungu alimhurumia, akaishi. Mkono wa kulia haukurudi kama zamani. Miezi baadaye nilipompelekea Komunyo nyumbani aliniambia maneno ambayo nimeyashika mpaka leo: "Baba, mwenzangu hakunidanganya. Alinieleza habari za mwili wake. Mimi ndiye niliyedhani ananieleza za kwangu."

Ukisahau yote mengine katika ukurasa huu, kumbuka maneno ya mama huyo.

Maandiko yanasema nini

Sisi Wakatoliki tumebahatika kuwa na kitabu cha Yoshua bin Sira katika Biblia yetu, na ninawaomba mkisome, maana mwalimu huyu wa kale alikuwa na akili za nyumbani. Katika sura ya 37, kuanzia aya ya 27, anamshauri kijana ajipime mwenyewe katika maisha yake, aone ni kitu gani kinamdhuru, na hicho ajinyime. Sababu anayoitoa ni fupi: kinachomfaa huyu si lazima kimfae yule. Kisha, sura inayofuata, ya 38, anafundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu, na dawa zimetoka katika ardhi ya Mungu. Angalia mpangilio huo. Jijue kwanza, halafu mwendee tabibu, na katika yote hayo usiache kusali. Hakuna mahali anaposema: mtazame jirani.

Mtume Paulo naye, katika barua ya kwanza kwa Timoteo, sura ya 5 aya ya 23, anamshauri kijana wake asinywe maji peke yake, bali atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yake ya mara kwa mara. Najua kuna ndugu zetu ambao katika Biblia nzima wameshika aya hiyo moja tu, na wanaisoma vizuri zaidi mwisho wa mwezi. Lakini tazama: Paulo anaandikia mtu mmoja, tumbo moja, ugonjwa mmoja, na kipimo ni kidogo. Hakuwaandikia hivyo Wakorintho. Mtume aliyetembea mataifa mengi akihubiri Injili moja kwa watu wote, alipofika kwenye tumbo la Timoteo aliandika la Timoteo.

Barabara ya wapagazi

Kwa Wagalatia, sura ya 6, Paulo anasema mambo mawili yanayoonekana kugongana. Aya ya 2 anatutaka tuchukuliane mizigo. Aya ya 5 anasema kila mmoja atauchukua mzigo wake mwenyewe. Kati ya hizo, aya ya 4, anamtaka kila mtu aipime kazi yake mwenyewe bila kujilinganisha na mwenzake.

Sisi wa Unyamwezi hatupaswi kupata shida kuelewa. Babu zetu walikuwa wapagazi wa barabara ile ndefu ya kutoka pwani ya Bagamoyo mpaka Tabora, na kutoka Tabora kwenda Ujiji, na kaskazini kupitia nchi zetu hizi kwenda ziwani. Kila mpagazi alikuwa na mzigo wake, mara nyingi kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, mbali na mkeka wake na vyombo vyake vya safari. Hakuweza kuuacha mzigo wake njiani kwa sababu wa mwenzake ulionekana mwepesi. Lakini pia hakusafiri peke yake. Walitembea kwa msafara, wakaimba pamoja, wakapika pamoja, na aliyechoka alijua wenzake wako mbele na nyuma yake. Huo ndio ufafanuzi wa Paulo. Mzigo ni wako, safari ni yetu.

Na njia hiyo haikuwatendea watu wote sawa. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliingia Tabora, iliyoitwa Kazeh, mwezi Novemba 1857. Walikula pamoja na kulala kambi moja. Mmoja homa ilimshika miguu hata akawa wa kubebwa. Mwingine ilimshika macho, na walipofika Ziwa Tanganyika mwezi Februari 1858 hakuweza kuliona sawasawa. Waliporudi Tabora, Burton alibaki kuuguza mwili wake. Speke alikwenda kaskazini na Sidi Mubarak Bombay, na mwezi Agosti alikuwa ukingoni mwa Nyanza. Barabara moja, miili miwili, na kila mmoja alipaswa kwenda kwa kadiri ya mwili aliokuwa nao.

Barabara hiyo ina fundisho jingine, nalo ni chungu. Ilikuwa pia njia ya watumwa. Palipokuwa na soko la watumwa, watu walisimamishwa mbele ya mnunuzi, naye akatazama meno, mikono, urefu na umri, akimlinganisha huyu na yule ili ajue bei. Ndugu zangu, huo ndio mwanzo na mwisho wa kulinganisha miili ya watu: kujua bei. Mwenye kujisimamisha mbele ya kioo akijilinganisha na mwingine, akajiona ana thamani ndogo kwa sababu ni mnene, au amekonda, au ana kovu la upasuaji, anajirudisha mwenyewe sokoni. Kristo alikwisha kutununua kwa damu yake. Hatuuzwi tena.

Namkumbuka Adrien Atiman. Alizaliwa nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, mpaka Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walipomkomboa huko Algeria. Wakamsomesha utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo alihudumu kama daktari na katekista mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka sitini na saba! Mtoto ambaye mwili wake ulipangiwa bei aliishi maisha yake yote akiinama juu ya mgonjwa mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine, bila kuuliza bei ya yeyote.

Hata utakatifu hauigwi kwa mwili

Waamini wema wana kishawishi chao cha pekee: kujilinganisha katika kufunga na kukesha. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alisoma maisha ya watakatifu alipokuwa akiuguza mguu wake uliovunjwa na mzinga mwaka 1521. Akajiambia kwamba waliyoyafanya Dominiko na Fransisko, na yeye atayafanya. Huko Manresa alifunga na kujitesa kupita kiasi mpaka akaugua vibaya, na afya yake haikupata kuwa nzima tena. Lakini alijifunza. Alipoandika kanuni za shirika lake la Wajesuiti, aliagiza mwili utunzwe kwa kiasi, ili uwe na nguvu ya kumtumikia Mungu.

Mama Kanisa naye ana hekima hiyo. Sheria ya kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu inawahusu waliotimiza miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60. Mgonjwa hafungwi nayo, wala mama mjamzito au anayenyonyesha. Kama Kanisa, linapodai kitu kwa ajili ya Mungu, linatazama umri na hali ya mtu, wewe ni nani udai mwili wako ufanye sawa na wa jirani?

Kwa wewe uliyeuliza "kwa nini mimi?"

Nilisema nitalirudia swali la mgonjwa. Sitakupa jibu jepesi. Nitakuonyesha tu kwamba swali lako limo katika Biblia. Fungua Zaburi ya 73. Mtunzi wake anakiri kwamba nusura ateleze, kwa sababu aliwaona waovu wana afya njema, hawana maumivu, wanene na wenye furaha, huku yeye aliyejitunza safi anapigwa kila siku. Alijilinganisha, na kulinganisha karibu kumng'oe imani. Kilichomponya si kupata jibu la kwa nini. Aliingia patakatifu pa Mungu, na huko akagundua kwamba Mungu alikuwa amemshika mkono wake wa kuume muda wote. Mwili na moyo vinaweza kuchoka, anasema mwishoni, lakini Mungu anabaki fungu lake.

Petro naye alijaribu. Katika Injili ya Yohane, sura ya 21, Yesu mfufuka anamdokezea Petro jinsi atakavyokufa. Petro anageuka, anamwona mwanafunzi mwingine, anauliza habari za huyo. Yesu anamjibu kwamba hayo hayamhusu, yeye amfuate tu. Jibu hilo linaonekana kali, lakini ndani yake mna huruma. Petro angebeba maisha yake na ya mwenzake, angeanguka. Yesu alimpunguzia mzigo.

Wiki hii tufanye nini?

Nisiache maneno hewani. Kwanza, pima. Nenda kituo cha afya ujue presha yako, sukari yako na uzito wako. Huwezi kutunza usichokijua.

Pili, nunua daftari dogo uandike. Mwezi ujao ujilinganishe na mtu mmoja tu: wewe wa mwezi huu. Kama mwezi jana ulishindwa kutembea mpaka stesheni bila kupumzika, na mwezi huu umefika, mshukuru Mungu, hata kama jirani yako anakwenda na kurudi mara tatu. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Tatu, anza na jiko lako. Sio kila aliyeambiwa apunguze wanga anahitaji vyakula vya dukani vyenye majina magumu. Tuna mlenda, tuna nsansa, tuna karanga, kunde, mtama na samaki. Mwulize mhudumu wa afya: katika hivi ninavyovipata, kipi kinanifaa, na kwa kiasi gani?

Nne, usiazime wala usiazimishe vidonge. Na ukisikia ushuhuda wa mtu aliyepona, furahi naye, kisha kabla hujabadili chochote beba ushuhuda huo pamoja na cheti chako uende kwa daktari. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tano, na hili ni la Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Tubadilishe maswali yetu. Tuache kuhesabiana kilo. Tuulizane nani ana kliniki Jumanne, nani atamsindikiza, nani atachangia nauli ya bodaboda, nani atabaki na watoto. Yule mama mwanakwaya, kama jumuiya yake ingekuwa inamwuliza kila Alhamisi kama amechukua dawa zake, labda mkono wake wa kulia ungeshika kitabu cha nyimbo mpaka leo. Huo ndio mzigo tunaoweza kubebeana.

Mpendwa msomaji, tai hupaa juu, na njiwa huruka chini chini karibu na mapaa ya nyumba, na wote wawili hufika kwenye viota vyao kabla ya giza. Mungu aliyekupa ubawa wako anaujua urefu wake. Utunze, uutumie, na usiudharau.

Nakutakia Dominika njema na wiki yenye afya, kwa kadiri ya neema uliyopewa wewe.